Rangi Imekauka, Bosi

Sikwenda Mtera kulia, watu wasinisingizie. Nilikwenda kwenye arobaini ya Fundi Sudi kwa sababu mkewe alinipigia simu, na kwa sababu nilitaka kuhakikisha kwa macho yangu mwenyewe kwamba yule mtu kweli hayupo. Nilikaa mkekani na kina mama wengine, nikaitikia dua, nikala pilau yao, na muda wote macho yangu yalikuwa kwenye ukuta wa nyumba aliyoishi miaka yake ya mwisho. Tofali tupu, hata chokaa hazijaonja. Fundi rangi, nyumba yake haina rangi! Nikasema moyoni, ehee. Kisha shemeji yake mmoja, mwanamume mrefu mwenye kanzu iliyonyooshwa vizuri, akasimama kumwelezea marehemu. Akataja ukarimu wake, akataja mitumbwi yote aliyoipaka rangi pale bwawani, halafu akasema, "Na ninyi mliotoka Dodoma mtakumbuka, huyu ndiye mtu wa kwanza kule kubandika plastiki ya kulinda rangi ya gari isiliwe na kokoto kwenye mbio. Wa kwanza kabisa. Alibuni kwa kichwa chake." Watu wakaitikia, Mungu amrehemu. Mimi tonge likanikwama kooni. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na bado lilinikwama, ikabidi mama wa pembeni yangu anipe maji.

Tulipokuwa tunaaga, Bi Zaituni, mjane wake, akanishika mkono akanivutia chumbani. Kilikuwa chumba kidogo, kitanda cha futi nne, neti imepigwa fundo juu, harufu ya udi inapigana na harufu ya samaki wakavu na hakuna iliyoshinda. Akainama, akavuta uvunguni sanduku la bati ambalo nililitambua kabla halijatoka lote: lilelile la gerejini kwake, lenye alama ya kidole cha rangi nyekundu karibu na kufuli. "Nimeikuta humu, chini ya misasa," akasema, akanipa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi. Juu yake limeandikwa jina langu, NYEMO, kwa herufi kubwa, mwandiko wa Sudi, ule aliokuwa akiandikia namba kwenye milango ya magari ya mbio. "Nadhani ni ile barua yako, mwanangu. Ile uliyokuwa unaitaka. Kumbe alikuandikia, ila kwa yale yaliyotokea, hakuwahi kukupa." Nikamwambia ahsante mama, nikaitia mkobani, nikaendesha gari hadi Dodoma bila kuifungua. Siku ya pili sikuifungua. Wiki nzima sikuifungua. Sababu ni hii, na niiseme mapema: nilipokuwa mwanafunzi wake nilimlipizia kisasi Fundi Sudi mbele ya umati, kisasi kilichommaliza kikazi, kwa sababu alininyima barua hiyo. Sasa kama aliiandika? Kama ilikuwa tayari sandukuni, imefungwa, siku ile namtazama anavyoaibika? Basi miaka yote hii nimekuwa nikijivunia kumwangusha mtu aliyetimiza ahadi yake.

Habari za nyumbani kwetu nitaziacha, hazina kazi hapa. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeacha kusuka nywele saluni ya Majengo, na nimeingia gereji ya Fundi Sudi kule Kizota kujifunza kupaka rangi magari. Msichana pekee kati ya wanaume watano. Gereji yenyewe ilikuwa ua wa mabati, mwembe hapana, kivuli hapana, jua na vumbi tu la kwetu Dodoma, lile linaloingia hata kwenye yai. Kona moja kulikuwa na chumba cha kupulizia rangi, mabati matatu na maturubai tuliyokuwa tunayamwagia maji kila asubuhi ili vumbi lishikike. Nyuma ya chumba hicho, mgongo kwa mgongo, palikuwa na jiko: mafiga matatu, sufuria mbili, mwiko mmoja mkubwa ulioungua ncha. Moshi wa kuni uliingia kwenye rangi na harufu ya thina iliingia kwenye ugali, na hatukuona ajabu.

Fundi Sudi alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, msafi kupita kiasi, anakata kucha kila Ijumaa, sauti laini kama anakubembeleza. Nitampa haki yake, maana sitaki kusemwa kwamba chuki imenipofusha: alijua kazi ya msasa kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. "Usitumie jicho, binti, jicho linadanganya," alikuwa akiniambia, ananishika kiganja anakilaza juu ya mlango wa gari. "Kiganja hakidanganyi. Hapo pana kilima. Umekisikia?" Nilikisikia. Mpaka leo napitisha kiganja kwenye mlango nikiwa nimefumba macho, na nikifanya hivyo ni yeye namkumbuka, na inaniudhi.

Pale gerejini kulikuwa na desturi ya mwiko. Anayekuja mwisho ndiye anayewapikia wote mchana, na akija mgeni mwingine, yule wa zamani anamkabidhi mwiko mbele ya wenzake, watu wanapiga makofi, naye anahamia kwenye rangi moja kwa moja. Kila fundi pale alikuwa amepitia jikoni. Kwa hiyo sikulalamika. Nilisonga ugali wa uwele, nikapika mlenda, nikakaanga dagaa, na Sudi kila siku alikuwa na utani uleule: "Ninyi Wagogo, mboga yenu inateleza kuliko klia!" Klia ndiyo rangi ya mwisho, ile isiyo na rangi, inayong'arisha gari. Watu wanacheka, mimi nacheka, tunakula kutoka sinia moja. Baada ya kula alinisogeza pembeni akanipa ahadi: nikimaliza mwaka mmoja bila kukosa siku, ataniandikia barua ya ufundi. Bila barua ya fundi wako, yenye mhuri wa gereji, ulikuwa hupokelewi kwenye mtihani wa ufundi, na bila mtihani hakuna mahali pa kueleweka pangekuajiri. Barua hiyo ndiyo iliyonifanya niamke kila siku. Nilikuwa naiwaza mpaka nimechagua rangi ya fremu.

Sasa mbio. Nje kidogo ya Bahi, kwenye ile mbuga inayofurika mvua zikiwa nzuri na kupasukapasuka zikiwa mbaya, mkandarasi mmoja wa barabara alikuwa ameacha kokoto zake, na wenye magari wakapata wazo la kuzisambaza na kuchora njia ya mzunguko. Kila Bunge lilipokaa, mji ulijaa watu wenye fedha na magari, na Jumamosi moja au mbili walikwenda Bahi kukimbizana. Hawakuwa madereva wa mashindano. Walikuwa watu na magari yao ya kawaida ya kuendea kazini na harusini, wanalipa kiingilio, wanazunguka, Jumatatu wanarudi ofisini. Tatizo lilikuwa zile kokoto. Gari la mbele likikanyaga, la nyuma linapigwa usoni. Wakirudi Dodoma, boneti na bampa zimetobokatoboka kama uso wa mtu aliyeugua tetekuwanga, na kila kidonda kinaonyesha bati, na bati linaanza kutu.

Fundi Sudi alikuwa akiwabandikia tepu ile ya karatasi ya mafundi rangi, sehemu yote ya mbele ya gari. Lakini jua la Bahi liliioka ile tepu, gundi ikabaki kwenye rangi, tukawa tunasugua kwa mafuta ya taa siku mbili nzima. Ni mimi niliyeona kitu kwa watu wa mabango pale mjini: plastiki ngumu, ya uwazi, yenye gundi upande mmoja, waliyokuwa wakifunikia maandishi yasichujuke kwa jua. Nikaomba kipande. Nikakijaribu kwenye boneti chakavu lililolala nyuma ya jiko. Nilikilowesha kwa maji ya sabuni ya watoto ili kisishike haraka, nikakisawazisha kwa kadi ya simu, na pale kwenye kona ambapo kiligoma kukunja, nikawasha draya yangu ya nywele, ile niliyotoka nayo saluni. Loo! Plastiki ikalainika ikavutika kama nywele za dawa, ikakumbatia kona, ukaona kama haipo. Nikapiga boneti lile kwa kokoto, moja baada ya nyingine, wenzangu wamesimama wanaangalia. Nikabandua. Chini, rangi ilikuwa nzima. Fundi Sudi akasogea. Alilaza kiganja chake, akafumba macho, akakipitisha kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu akasema, "Utanionyesha tena kesho."

Basi nikamwonyesha. Baada ya mwezi mmoja kila gari lililokwenda Bahi lilipitia Kizota. Tukazua na sherehe yake, tukaiita kuvua shela. Mbio zikiisha, gari linaoshwa palepale uwanjani, mwenye gari anasimama pembeni, Fundi Sudi anakunja mikono ya shati, anashika ncha ya plastiki iliyochakaa kwa kokoto na kuivuta kwa mkupuo mmoja, vuuup, na chini yake rangi inatoka inang'aa kama bibi harusi. Wanawake wanapiga vigelegele, wanaume wanapiga honi. Yeye anainama kidogo, kama mtu aliyesomea. Mimi niko nyuma, nimeshika ndoo.

Nilivumilia ndoo, kwa sababu barua ilikuwa inakuja. Halafu mwezi wa sita akaja Hamadi, mpwa wake kutoka Tanga, mtu mzima wa miaka ishirini na sita asiyeweza kuzungushia plastiki hata kioo cha pembeni. Nikasema sasa nimeokoka jikoni. Nikauosha mwiko, nikaukausha juani, mchana nikasimama mbele ya watu niukabidhi. Fundi Sudi akaupokea yeye, akautazama, akanirudishia. "Hamadi hajui kupika, binti. Wewe una mkono." Wenzangu wakatazama chini. Hakuna aliyepiga makofi. Mwezi uleule nilijaribu kumwambia jambo la kazi. Nilikuwa nimeona kwenye boneti langu la majaribio kwamba plastiki ukiibandika juu ya rangi ya siku tatu, ukija kuivuta inaondoka na rangi. Rangi mpya inakauka juu, kwa kidole unaona imekauka, lakini chini bado iko hai, inahitaji mwezi. Nikaanza, "Bosi, kuhusu rangi mpya…" Akaniinulia kiganja. "Usinifundishe kazi. Jua la Dodoma linakausha kila kitu." Nikafunga mdomo. Wakati huo nilifunga kwa heshima tu.

Siku iliyonibadilisha ilikuwa ya mwezi wa tisa. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya chumba cha kupulizia, nafuta vumbi kwenye mlango, nikasikia nje gari linaingia na ile salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", ya sauti kubwa ambayo mji mzima uliijua. Mama Alizeti. Ndivyo tulivyomwita, alikuwa na kinu cha kukamua mafuta ya alizeti na gari jeupe, na Bahi aliwaacha wanaume wengi wakila vumbi lake. Kati yangu na wao palikuwa na bati moja. Nikamsikia anapapasa bampa. "Fundi, hii kona nani kaizungusha? Hata mshono sioni." Sudi akajibu kwa ile sauti yake laini, "Mkono wangu huo, mama." "Na yule binti wa Kigogo, mbona kila nikija namwona kashika plastiki?" Sudi akacheka. "Nani, Nyemo? Aaa, yule ananipikia tu."

Ananipikia tu. Nilibaki nimepiga magoti, kitambaa mkononi. Angesema bado ananifundisha, ningemsamehe. Angesema ninamsaidia, ningesamehe hata hiyo. Lakini neno "tu" lile! Niliinuka, nikatokea upande wa pili, nikasonga ugali, na niliusonga mpaka sufuria ikatoka kwenye mafiga. Nikawapakulia wote. Nikampa Sudi maji ya kunawa, shikamoo ya asubuhi nilikuwa nimeshampa. Alikula vizuri, akasifia dagaa. Nilikuwa namtazama anavyotafuna na nikajiambia, kula bosi, kula tu, siku yako ipo. Sikuwa najua siku gani wala kwa njia gani, ila niliiweka ile hasira mahali pazuri, kama mtu anavyoweka mbegu isiliwe na panya.

Wiki mbili baadaye Hamadi alipata barua. Barua ya ufundi, yenye mhuri, miezi mitatu baada ya kufika, aende nayo kwenye mtihani. Alinionyesha mwenyewe, maskini, hakuwa na ubaya, alidhani nitafurahi. Imeandikwa: amebobea katika ubandikaji wa plastiki za kulinda rangi. Nilimwendea Sudi palepale kwenye kiti chake. "Bosi, shikamoo. Na yangu?" "Marahaba. Yako ipo, binti, ipo inakuja. Haraka ya nini? Mtihani upo kila mwaka." Akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa hivyohivyo hadi mwezi wa kumi na moja, siku za kujiandikisha zikafungwa, nami nikabaki na mwiko.

Mbio za mwisho za mwaka zilipangwa Jumamosi moja ya Novemba, kabla mvua haijaigeuza Bahi tope. Fundi Sudi alikuwa na gari lake mwenyewe, la zamani, na mwaka ule aliamua naye ataingia uwanjani, na litakuwa jekundu. Alilipulizia rangi Jumanne. Lilikuwa jekundu la kukutoa machozi, haki ya Mungu, sijawahi kuona kazi safi namna ile. Ijumaa saa tano asubuhi akaniita kutoka jikoni. Plastiki ilikuwa imekatwa tayari, maji ya sabuni yako kwenye ndoo. Alikuwa amevaa shati jeupe. Akalaza kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akatabasamu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaniuliza jambo la kazi. Sijui kwa nini aliniuliza. Labda ile sentensi yangu ya mwezi wa sita ilikuwa imemkwama mahali. Alisema, "Nyemo. Unaonaje, imekauka?"

Nimefikiri juu ya dakika ile kuliko juu ya harusi yangu. Nilikuwa na jibu mdomoni, jibu la kweli, na lingemwokoa. Nyuma ya bati sufuria ya maharage ilikuwa inachemka, nilisikia kifuniko kinavyogongagonga. Nikaweka kidole changu kwenye boneti, nikakiinua, nikamwonyesha kwamba hakuna kitu. "Rangi imekauka, bosi." Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikambandikia mimi mwenyewe, na niliibandika vizuri kuliko gari lolote mwaka ule. Boneti, bampa, madigadi, mpaka nyuma ya taa. Draya ikalia, plastiki ikavutika, hakuna hata lengelenge. Nilipomaliza nikarudi jikoni nikaongeza nazi kwenye maharage. Wote walisema siku hiyo nimepika kuliko siku zote.

Bahi ilijaa. Palikuwa na spika za muziki zinazoendeshwa na jenereta, nyama ya mbuzi inachomwa, watu wamekaa juu ya paa za magari yao. Jua lilikuwa limetuinamia utosini. Sudi hakushinda, Mama Alizeti alishinda, lakini gari jekundu ndilo lililotazamwa. Saa kumi likaoshwa, watu wakasogea kwa ajili ya kuvua shela, na yule aliyeshika kipaza sauti akatangaza kwamba leo fundi mwenyewe anajivua. Nilikuwa nimekaa karibu na jenereta juu ya kikapu changu. Ndani ya kikapu ilikuwa draya. Niseme na hili pia: kama ningesimama, nikaichomeka kwenye jenereta, nikaipasha ile plastiki na kuivua polepole, kidole kwa kidole, sehemu kubwa ya rangi ingebaki. Nililijua hilo. Nilikaa nikaikalia draya.

Akakunja mikono ya shati. Akashika ncha. Akavuta kwa mkupuo mmoja, vile anavyopenda, na plastiki ikaja, na wekundu ukaja nayo. Wote. Ulitoka kama ngozi ya nyanya iliyochovywa maji ya moto. Boneti likabaki na ile rangi ya kijivu ya chini, na pembeni vipande vyekundu vimening'inia. Vigelegele vilikuwa vimeshaanza, vikakatika njiani. Mtu mmoja juu ya paa akasema, "Weee!" na baada ya hapo ni kicheko, kicheko cha watu mia, wengine wanashikana mabega. Sudi alisimama na plastiki mkononi, upande wa gundi umejaa rangi yake, akawa anaitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Halafu macho yake yakazunguka yakanipata. "Nyemo!" akaita, na sauti haikuwa laini tena. "Si nilikuuliza? Si ulisema imekauka? Wewe ndiye umebandika!" Kipaza sauti kilikuwa karibu, kila mtu alisikia. Nikasimama. "Mimi, bosi?" nikasema. "Mimi napika tu."

Nilimwona Mama Alizeti akigeuka. Alinitazama, akamtazama Sudi, akaitazama bampa ya gari lake jeupe, na nikaona kabisa hesabu inavyojipanga usoni mwake. Akaja akasimama mbele yangu, akaniambia kwa Kigogo kwanza, kisha kwa Kiswahili ili Sudi asikie vizuri, "Jumatatu njoo kinuni kwangu. Njoo na draya." Sudi aliondoka Bahi akiendesha gari la madoa, na barabara nzima hadi Dodoma watu walimpigia honi ile ya harusi. Wateja wakamwisha kabla ya Krismasi. Baada ya mwaka akafunga, akahamia Mtera kupaka mitumbwi rangi. Mimi nilianzia kwenye banda la magunia la Mama Alizeti. Mtihani wa ufundi nilikuja kuufanya miaka mitatu baadaye, kwa barua ya fundi mwingine aliyenijaribu kwanza kama naweza kazi. Sikumwona Sudi tena. Je, nilijuta? Nimeulizwa na mume wangu, nimejiuliza mwenyewe. Kuna asubuhi, nikipitisha kiganja kwenye mlango wa gari na kusikia kilima, nilikuwa namwonea huruma. Ilikuwa haidumu. Nilikuwa nakumbuka lile neno lake la nyuma ya bati, nami nikaendelea na kazi.

Kwa hiyo mnaelewa ile bahasha ilivyonitesa. Jumapili iliyopita nilikwenda gerejini kwangu peke yangu, nikafungua geti, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Gereji yangu haina jiko. Mafundi wangu wanne, wawili wanawake, tunaagiza chakula kwa mama lishe wa jirani na kila mtu ananawa mwenyewe. Nikaweka bahasha mezani. Nilikuwa nimeshajitayarisha kuomba msamaha kwa maiti. Nikaichana. Ndani karatasi moja, mhuri wa gereji wa zambarau, sahihi ya Sudi, na tarehe ya wiki moja kabla ya ile Jumamosi ya Bahi. Aliiandika kweli. Ilikuwa tayari. Ilisema hivi: Kwa anayehusika. Ninathibitisha kuwa binti Nyemo amekuwa katika gereji yangu kwa mwaka mmoja akiwa mpishi na mfagizi. Ni mwaminifu na ana heshima kwa wakubwa. Anapika vyakula vya aina zote. Ninampendekeza kwa kazi ya nyumbani au hotelini.

Niliisoma mara mbili, ya tatu nikaisoma kwa sauti. Kisha nilicheka. Nilicheka peke yangu kwenye gereji tupu mpaka mbavu zikauma, na machozi yaliyonitoka, sitadanganya, hayakuwa yote ya kicheko. Kumbe ile barua niliyoichagulia fremu ilikuwa hii! Lakini roho yangu ilitulia, ikatulia kabisa, kama ambavyo haijatulia tangu nilipokaa kwenye mkeka ule wa Mtera. Angeniuliza leo kama rangi imekauka, ningemjibu vilevile.

Nikaenda kabatini nikakata kipande cha plastiki, ya siku hizi, ile nzuri inayotoka nje, ghali. Nikailaza barua juu ya kibao kikavu, maana karatasi haitaki maji. Nikashusha plastiki taratibu kutoka juu kwenda chini, nikaisukuma kwa kadi, nikapasha kingo kwa draya. Hakuna hata lengelenge moja. Nimeitundika ukutani karibu na mlango, usawa wa macho, na jua la jioni linaipiga kila siku, lakini haliifanyi kitu. Wino ule nimeulinda usipauke hata herufi moja. Wateja wakinisubiri wanaisoma, halafu wanageuka kunitazama, nami nawaambia ndiyo, ni yangu hiyo, ni barua niliyopewa na mtu wa kwanza Dodoma kubandika plastiki.